Rubani na mruko wake wa kwanza wa parachuti: kipi kitamsaidia, kipi kitamponza

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni rubani, kwetu Chake Chake. Narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Nimewahi kuruka parachuti mara moja, nimefungwa kifuani mwa mkufunzi. Sasa nimejiandikisha kozi ya kuruka mwenyewe huko Diani, pwani ya Kenya: natoka futi 12,500, wakufunzi wawili wamenishika pembeni, nafungua parachuti mwenyewe na kutua mwenyewe. Marafiki wananiambia rubani hana la kujifunza pale. Kweli? Na kuna la kuangalia zaidi iwapo siku moja nitaruka hapa nyumbani, ukingoni mwa bahari? Mwisho wa wiki huwa nazamia kwa mtungi Mnemba.

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Marafiki zako wamesema nusu ya ukweli. Yapo mambo ambayo mwanafunzi mwingine huyahangaikia darasani saa nzima, na wewe utayashika kabla mkufunzi hajamaliza kuyaeleza: upepo wa omo (wa mbele) na upepo wa tezi (wa nyuma), hewa inavyolibeba bawa, kusoma altimeta, kuingia mzunguko wa kutua. Lakini lipo jambo moja ambalo urubani umekujenga kinyume chake, na tunaanza nalo kwa kuwa ndilo linaloweza kukugharimu roho. Rubani hufundishwa kukiokoa chombo. Injini ikizima unashusha pua, unachagua pa kutua, unatafuta sababu, unapitia orodha, unajaribu kuiwasha. Ndege huitupi. Kwenye parachuti ni kinyume: tanga kuu, yaani kitambaa chenyewe cha parachuti, likiwa na kasoro ambayo haijatengenea mpaka futi 2,500, unalikata na kuliacha liende, hata kama unaamini kwamba sekunde tatu zaidi zingelinyoosha. Hapo haiulizwi sababu wala bei. Unaulizwa urefu tu.

Tazama hesabu yenyewe. Mtu aliyelala kifudifudi hewani hutulia kwenye mwendo wa kama kilomita 190 kwa saa, noti 100 na kidogo. Futi 1,000 za mwanzo humchukua sekunde kama 10 kwa kuwa bado anaongeza kasi. Baada ya hapo kila futi 1,000 ni sekunde tano na nusu. Ukitoka 12,500 na kufungua 5,500 una sekunde kama 45 za kufanya kila ulichofundishwa. Kutoka 5,500 mpaka 2,500, ikiwa hakuna kilichofunguka, ni sekunde 16. Kutoka 2,500 mpaka chini, 14. Wewe umezoea futi 500 zikuchukue dakika nzima ukija kutua Pemba, na mambo yakiharibika unasukuma nguvu na kuzunguka upya. Hapa futi 500 ni sekunde tatu kasoro.

Mlangoni urubani unakusaidia, ukikumbuka jambo moja. Ndege hupunguzwa mwendo mpaka noti 80 au 90, na ukitoka upepo hauji kutoka chini. Unakuja kutoka mbele ya ndege, kwa mwendo uleule wa ndege, na huchukua sekunde kama 10 mpaka upepo huo uhamie chini yako kabisa. Kwa hiyo usiutazame mchanga ukajirusha kama mtu anayeruka kutoka gatini. Kifua na nyonga viukabili upepo wa mbele, macho yabaki kwenye ndege unayoiacha. Mwili uwe na umbo la dau: tumbo chini, kichwa na miguu vimeinuka, mikono wazi. Dau halipinduki kwa sababu uzito uko chini na ncha ziko juu, na mwili wako hutulia kwa sababu hiyohiyo. Aliyejikunja kwa khofu huyumba na kupinduka kama kuti kavu.

Ukishatulia unapita duara moja la macho: upeo wa mbali, altimeta, mkufunzi wa kushoto, mkufunzi wa kulia. Kisha unajaribu mara tatu kugusa kishikio cha kufungulia, ambacho kwenye mikoba mingi kiko chini upande wa kulia, karibu na nyonga. Mkono wa kulia ukienda nyuma, wa kushoto lazima uende mbele juu ya kichwa kwa kipimo kilekile. Ukisahau utaanza kugeuka, na wewe ukifikiria bawa moja lililopungua nguvu utaelewa mara moja kwa nini. Mkufunzi akikuonyesha vidole viwili, nyoosha miguu. Akikuonyesha kidole kimoja cha shahada, fungua sasa hivi, hata altimeta yako ikisema nini. Ukifika futi 6,000 acha mazoezi yote uangalie altimeta tu. Ukifika 5,500 unapunga mikono, unashika, unatupa.

Unachokitupa ni kiparachuti kidogo, chenye upana wa chini ya mita moja, ambacho Waingereza wamekipa jina la rubani. Kazi yake ni kukamata upepo na kuvuta pini ya mkoba, kisha mfuko wenye tanga, kisha kamba. Hesabu kwa sauti mpaka tano. Ukifika tano hujahisi kuvutwa, geuza kichwa utazame juu ya bega la kulia. Mgongoni mwako kuna hewa iliyokufa, kama upande wa demani wa kisiwa, ule uliokingwa na upepo, na kiparachuti wakati mwingine huchezacheza humo bila kukamata. Kugeuza bega huiruhusu hewa hai iingie. Bado kimya? Fungua akiba, parachuti ya pili iliyo mkobani, papo hapo. Na ukikosa kishikio au kikagoma, jaribu mara mbili, ya tatu ni akiba.

Tanga likifunguka una maswali matatu, kwa mpangilio huu: lipo? Ni mstatili? Linaongozeka? Zipo kasoro tatu ambazo hutokea mara kwa mara na hazitishi zikishughulikiwa mapema. Kamba kusokotana juu ya kichwa: shika mikanda miwili mikuu ya juu, itenganishe kwa nguvu, piga mateke kuzunguka upande wa pili. Slaida, kile kitambaa cha mraba kinachopunguza kishindo cha kufunguka, kukwama katikati ya kamba: vuta breki zote mbili, zile kamba za kuongozea tanga kushoto na kulia, chini, shikilia kidogo, achia taratibu, rudia. Vyumba vya pembeni vya tanga kubaki vimefunga: dawa ni ileile. Yote haya unayafanya macho yakienda kwenye altimeta kila baada ya pumzi moja.

Zipo nyingine ambazo hata usizijaribu: mfuko uliotoka bila kufunguka, kamba iliyopita juu ya tanga na kuligawa kama limefungwa mshipi, tanga lililochanika pakubwa, msokoto wa kamba unaokuzungusha kwa kasi. Na hapa ndipo tunapomhofia rubani kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Mtu asiyejua kitu akiona tanga halifanani na picha ya darasani, analikata. Rubani analiona tanga linavuta kulia, anashika breki ya kushoto kidogo kulisawazisha, linanyooka, naye anaridhika, kama anayerekebisha ndege inayovuta upande mmoja. Kisha anafika karibu na ardhi anataka kuvuta breki zote mbili ili atue, na mkono wa kushoto umeshafika katikati ya njia. Hana kilichobaki cha kuvuta. Kipimo ni hiki: juu ya futi 2,500, geuka kamili kushoto, geuka kamili kulia, kisha vuta breki zote mpaka nyongani na kuziachia taratibu. Tanga likishindwa lolote kati ya hayo matatu, si la kutua nalo.

Kulikata: kwenye hanesi nyingi, yaani mikanda unayovaa mwilini, kuna kishikio chekundu cha kitambaa upande wa kulia wa kifua, na cha chuma upande wa kushoto. Tazama chekundu, kamata. Tazama cha chuma, kamata. Panua kifua kama ulivyokuwa hewani, vuta chekundu mpaka mkono unyooke wote, kisha cha chuma mpaka kitoke. Chekundu huachia pete tatu kwenye kila bega, na tanga kuu huondoka. Cha chuma hufungua akiba. Baadhi ya skuli hutumia hanesi za wanafunzi zenye kishikio kimoja kinachofanya kazi zote mbili, kwa hiyo uliza siku ya kwanza, kisha jifunze hiyo moja utakayoivaa. Chini ya futi 1,000 hukati tena. Vuta akiba peke yake juu ya ulichonacho, maana nguo mbili mbovu juu yako ni bora kuliko hewa tupu.

Neno "tazama" si pambo. Tarehe 20 Oktoba 1922 huko Dayton, Ohio, luteni wa jeshi la Marekani, Harold Harris, alilazimika kuiacha ndege aliyokuwa akiijaribu, na anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza wa Marekani kuokolewa na parachuti ya kufungua kwa mkono. Alipokuwa anaanguka alivuta zaidi ya mara moja kitu kisichokuwa chenyewe: alikuwa amekamata kifungo cha mkanda wa mguu. Alipata kishikio chenyewe akiwa amebakiwa na futi mia chache. Rubani hodari, mikono iliyozoea vyombo, na bado vidole bila macho vilikwenda pasipo.

Kipo pia kifaa kidogo mkobani kinachopima mgandamizo wa hewa, na ukifika karibu na futi 750 ungali kwenye mwendo wa kuanguka, hukata uzi wa akiba chenyewe. Usikiingize kwenye mpango wako. Huwashwa ardhini tu, uwanja unaotokea, kamwe si ndani ya ndege. Cha wanafunzi hushtuka kwa mwendo mdogo zaidi, hivi kwamba hata kuzungushazungusha tanga zima kwa kasi karibu na ardhi kunaweza kukifungua ukajikuta na matanga mawili. Na altimeta ya mkononi huwekwa sifuri pale utakapotua. Hutasikia habari ya QNH, kile kipimo cha marubani cha urefu juu ya usawa wa bahari. Kila namba utakayoambiwa ni juu ya ardhi.

Sasa kuruka na tanga lenyewe. Ukiwa na kilo 85 na vifaa vya kilo 15, ni pauni 220; skuli ikikupa tanga la futi za mraba 260, mzigo ni pauni 0.85 kwa futi moja. Hiyo ni nzuri kwa mwanzo, na usikubali dogo zaidi kwa sababu mtu amesikia wewe ni rubani. Mikono ikiwa juu, tanga la namna hii huenda mbele kama noti 17 hadi 20 na kushuka karibu futi 1,000 kwa dakika. Una dakika nne. Kaa upande wa joshi wa uwanja, upepo unakotoka, mpaka futi 1,000, hapo anza mguu wa tezi, futi 600 geuka uuvuke upepo, futi 300 uwe umeshaukabili upepo. Mzunguko ni uleule wa uwanja wa ndege wa Kisauni, ila hakuna injini, na hakuna njia ya kurukia inayokutaka ukae katikati yake.

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Rubani akiona amepita mstari huongeza kona ili aurudie. Chini ya parachuti wewe unaning'inia mita kadhaa chini ya bawa, na ukivuta breki moja kwa nguvu tanga huinama, huchapuka chini, nawe unarushwa nje kama jiwe kwenye kombeo. Likihitaji futi 200 kurudi sawa na wewe una 100, unaigonga ardhi kwa mwendo ambao miguu haiwezi. Watu wamekufa hivyo chini ya matanga mazima, yasiyo na hata uzi mmoja uliokatika. Kwa hiyo chini ya futi 300 unarekebisha kidogokidogo tu. Kutua upepo ukitoka ubavuni, hata mgongoni, tanga likiwa sawa, kutakuangusha na kukuchubua. Kona ya mwisho ya kuutafuta upepo ndiyo huvunja mtu.

Breki za kutua: ukiwa kwenye kimo cha watu wawili, futi 10 hadi 12, vuta zote mbili kwa mkupuo mmoja laini kutoka masikioni mpaka nyongani. Si ule mchezo wako wa kuishikilia Caravan sentimita kwa sentimita mpaka ichoke. Macho mbele, si kwenye vidole vya miguu. Ukigundua umevuta mapema, simamisha mikono hapohapo ilipo, kisha malizia ukikaribia. Ukiirudisha juu tanga litachapuka mbele na kukushusha kwa kishindo. Miguu na magoti yagusane, na ukigusa chini jiachie ubiringike: nyayo upande wa vidole, ubavu wa shavu la mguu, paja, nyonga, mgongo chini ya bega. Kusimama wima kwa ajili ya picha kuache kwa mruko wa kumi.

Upepo wa wanafunzi huishia noti 12 ardhini. Chukua hesabu: noti 12 kwa dakika nne hukupeleka karibu kilomita moja na nusu hata kabla ya mwendo wako mwenyewe, na juu upepo kwa kawaida ni mkali zaidi.

Hilo linatuleta nyumbani. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kaskazi na kusi zote huja na upepo wa baharini. Kwa hiyo pa kufungulia, upande wa joshi, ni juu ya maji, na upepo hukuleta nchi kavu. Pwani ya magharibi ni kinyume: unafungua juu ya mashamba, na ukipitiliza unasukumwa nje baharini, jambo ambalo ni baya zaidi. Pande zote jaketi la kuelea ni lazima, na boti iwe majini imewashwa kabla ndege haijaondoka. Maji yakitoka wakati wa bamvua utaona mchanga mweupe mpana unaokuita, lakini humo mna vijiti na kamba za mashamba ya mwani, na juu yake, hasa Paje, kaiti za watalii zenye kamba usizoziona. Minazi nayo: mnazi wa mita 20 huvuruga upepo upande wa demani kwa mita 200 na zaidi, na tanga likiingia humo hujikunja ghafla. Asubuhi mapema, kabla nchi haijapata moto, ndio wakati wa mwanafunzi. Masika waachie wakulima.

Ukiona hakika unaanguka majini, yafanye haya ukiwa bado juu ya futi 1,000: ondoa kile kiungo kinachofungua akiba ukikata tanga kuu, legeza mkanda wa kifua, jaza jaketi, fungua kioo cha helmeti. Ukabili upepo, vuta breki kama kawaida, miguu pamoja, vuta pumzi. Usikate tanga ukiwa hewani. Bahari shwari haina kipimo. Mtu hudhani yuko futi sita kumbe yuko 60. Ukishalowa ndipo unafungua mikanda ya miguu, unateleza nyuma, unaogelea kuelekea joshini mbali na kamba. Tanga likikufunika, shika mshono mmoja uufuate mpaka ukingoni.

Wewe mwenyewe unajua kwamba hapa hakuna atakayekurusha bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na NOTAM, ile ilani ya marubani, kwa wenzako wanaopita.

Kuhusu kuzamia: acha saa 24 kamili baina ya kutoka majini na kupanda, kwa kuwa unakwenda juu ya futi 8,000 bila kabini yenye mgandamizo. Saa 12 ulizozizoea kwa safari za chini hazitoshi. Na ukiwa na mafua usiruke. Unarudi futi 7,000 kwa chini ya dakika moja, na sikio lililoziba halitakusubiri. Juu kule patakuwa kama digrii sita, vaa suti kamili. Kozi ikiangukia Ramadhani, iahirishe. Saa sita za darasa juani na kisha mruko, mtu amefunga, maji mwilini hayatoshi na akili huchelewa, na tumeshaona kwamba huna sekunde za kuchelewa.

Jambo moja la kumwomba mkufunzi ukifika. Atakutundika kwenye hanesi ya mazoezi na kukuonyesha picha za matanga. Mwambie wewe ni rubani, na akuchanganyie picha zinazokaribia kuwa nzuri: kamba moja iliyopita juu, chumba kilichochanika, msokoto unaozunguka polepole. Kila picha akutajie urefu pamoja nayo. Amwambie mwenzake ashike saa. Kuanzia picha inapoinuliwa mpaka vishikio vyote viwili kutoka, isizidi sekunde tano, na usipande ndege mpaka umefanya hivyo mara kumi mfululizo bila kutoa hoja hata moja ya kulitetea tanga.